Nilimpenda mwanamke, sasa naolewa na mwanamume: je, ninamdanganya?

SWALI: Mshauri, nina miaka 31, ni mhasibu hapa Nairobi, kwetu ni Machakos. Nikiwa chuoni nilimpenda mwanamke mwenzangu na tukakaa pamoja miaka miwili. Tuliachana kwa sababu za kawaida tu, alipata kazi mbali. Baadaye nilikutana na mwanamume ambaye sasa ni mchumba wangu. Ninampenda kweli, simtumii kujifichia. Desemba watu wao wanaleta mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga ndoa kwa mila yetu ya Kikamba. Hajui lolote kuhusu yule mwanamke. Rafiki yangu wa zamani, yeye anapenda wanawake tu na hafichi, ananiambia kumbe nilikuwa napita njia. Binamu yangu, ndugu pekee anayejua, ananiambia nimepona, nimshukuru Mungu. Mimi sijisikii kupona wala kupita. Mwanamke mzuri akiingia mahali bado namwona. Je, nimwambie mchumba wangu? Na mtu kama mimi anaweza kuishi wazi hapa kwetu, au nitakuwa natafuta shida? — M.

JIBU: Dada M., binamu yako na rafiki yako nadhani hawakubaliani kwa jambo lolote, ila moja. Wote wawili wanaamini kwamba ukiwa na mwanamume wewe ni wa wanaume, na ukiwa na mwanamke wewe ni wa wanawake. Mmoja anashangilia, mwingine analalamika, lakini hesabu yao ni ile ile na ina kosa lile lile. Mwanamume akioa hatusemi kwamba tangu siku ile havutiwi tena na wanawake. Tunajua anavutiwa nao, na tunajua ameahidi mmoja. Wewe nawe ni hivyo, tofauti ni kwamba wanaokuvutia wako pande mbili. Uliyenaye leo hafuti uliyempenda jana, wala hakugeuzi.

Kabla sijaendelea, kuna tatizo la lugha. Kiswahili hakijatupa neno zuri kwa jambo hili. Wengi huandika "mpenda jinsia mbili", na neno hilo limeniletea kazi nyingi ofisini. Mama mmoja aliletwa kwangu na bintiye, msichana alikuwa ameshamwambia "mimi ni wa jinsia mbili". Mama alikaa kitini akiwa amekunja leso mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama upasuaji unafanywa hapa Kenya au mpaka India. Alikuwa amelia wiki nzima akidhani mwanawe ni huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile ya kike na ya kiume pamoja, na yeye alimwogesha miaka yote asione. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Huntha ni suala la mwili aliozaliwa nao mtu; sensa yetu ya 2019 iliwahesabu 1,524. Unachosema wewe ni suala la moyo unavutwa na nani. Mwili wako hauna ugeni wowote. Vijana wa Nairobi wamekata shauri wakasema tu "bai", kutoka Kiingereza "bisexual", nami nitalitumia hilo. Ila ukizungumza na mtu mzima usitegemee neno. Sema kwa sentensi: "Ninaweza kumpenda mwanamume, na ninaweza kumpenda mwanamke." Hiyo haina mahali pa kupotea. (Nimekulia Mji wa Kale, Mombasa, ambako mama yangu alimwita jirani yake "shoga" kutwa mara kumi, maana yake rafiki wa kike. Neno hilo hilo ukilipeleka Nairobi ni tusi. Maneno haya hayana breki.)

Sasa hili la "kupita njia". Linasemwa sana, na kwa wengine ni kweli: wapo waliojiita bai kwa muda kisha wakajitambua vingine, hakuna ubaya. Kosa ni kulifanya sheria ya watu wote. Mtaalamu mmoja wa saikolojia wa Marekani, Lisa Diamond, aliwafuatilia wanawake 79 kwa miaka 10 na kuchapisha matokeo yake mwaka 2008. Kama ubai ungekuwa daraja tu, baada ya miaka 10 karibu wote wangekuwa wameshavuka upande mmoja au mwingine. Haikuwa hivyo. Waliohamia kwenye ubai, au kwenye kukataa jina lolote, walikuwa wengi kuliko waliouacha. Na wengi wa hao bai walikuwa wametulia na mwenzi mmoja kwa muda mrefu, jambo ambalo nitalirudia nikifika kwa mchumba wako.

Wanaume ndio walioteswa zaidi na shaka hii. Mwaka 2005 utafiti wa maabara, wa wanaume wachache, ulidai kwamba wanaume wanaojiita bai miili yao haionyeshi hivyo, na magazeti makubwa ya Marekani yakaudaka: ama ni shoga, ama si shoga, ama anadanganya. Miaka 15 baadaye, mwaka 2020, data za tafiti kadhaa zilikusanywa pamoja zikiwa na mamia ya wanaume, na mmoja wa watafiti walewale wa 2005, Michael Bailey, aliweka jina lake kwenye hitimisho lililo kinyume: ubai wa wanaume upo na unapimika. Nampa heshima yake, maana wanaokubali kusahihishwa hadharani si wengi. Lakini fikiria wanaume walioishi hiyo miaka 15 katikati wakiambiwa na sayansi kwamba hawapo.

Binamu yako naye ana neno "kupona". Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990, na mwaka 2016 chama cha kimataifa cha madaktari wa akili kilitamka wazi kwamba matibabu ya kumgeuza mtu hayana msingi wa kisayansi. Kwa hiyo hukuwa mgonjwa, na hukupona. Na usishangae kama siku moja baada ya ndoa utajikuta unamkumbuka yule wa chuoni ukisikia wimbo fulani kwenye matatu. Hilo halimaanishi "ugonjwa umerudi". Walioolewa wote hukumbuka.

Najua utaambiwa pia kwamba haya yameletwa na televisheni. Mwaka 2007 watafiti waliokuwa wakifanya kazi ya Ukimwi hapa pwani, upande wa Mombasa, walichapisha takwimu za wanaume 285 waliokuwa wakilala na wanaume. Kati yao 171 walisema wanalala na wanawake pia. Ni zaidi ya nusu, na hakuna hata mmoja aliyetolewa California. Sisemi hao 171 wote ni bai. Mtu hulala na mtu kwa sababu nyingi, pesa ikiwemo, na utafiti ule uliuliza vitendo, haukuuliza moyo. Lakini unazima ile dhana kwamba mambo ni mawili tu na hakuna wa katikati. Tena waliolala na wanaume peke yao walikutwa na virusi asilimia 43. Waliokuwa na pande zote mbili, asilimia 12.3. Nalitaja hili kwa sababu bai husingiziwa kuwa ndiye mbeba magonjwa kutoka kundi moja hadi jingine. Virusi havipimi mtu anapenda nani. Wewe na mchumba wako nendeni mkapime kama wachumba wote wanavyoshauriwa, basi.

Twende kwa mchumba.

Dhana inayowauma bai kuliko zote ni ile ya kutotosheka: "anakula kotekote", "ukimpa mume atataka na mke". Hapa watu huchanganya mvuto na ahadi. Anayevutiwa na warefu na wafupi hatumwambii aoe wawili. Uaminifu ni tabia. Nimewaona waume wanaopenda wanawake tu wakiwa na nyumba tatu kutoka hapa hadi Kitengela, na nimewaona bai walioishi na mtu mmoja miaka 20. Kwa hiyo swali lako la kichwa cha barua, "ninamdanganya?", jibu langu ni hapana, kwa maana ya uaminifu humdanganyi. Hajakuuliza ukakana. Historia ya mapenzi si cheti cha kuambatanisha na mahari.

Hata hivyo nakushauri umwambie, na umwambie kabla ya Desemba. Sababu si kwamba ana haki ya kujua kila kitu. Sababu ni wewe. Umeandika "sijisikii kupona". Mwanamke anayeandika sentensi hiyo hawezi kuishi miaka 30 akipima kila neno mezani, akizima simu rafiki wa zamani akipiga, akicheka kwa nguvu pale mashemeji wanapotoa mzaha wa mashoga. Wanaokuja kwangu wakiwa wameoana miaka 15 na siri hii, mara nyingi siri yenyewe imeshakuwa ndogo. Kilichobaki kikubwa ni miaka 15 ya kuilinda.

Ila kwanza mpime. Sikupi mtihani, nakuomba ukumbuke. Anawasemaje watu wasiofanana naye wakiwa hawapo? Ulipompa siri nyingine, ya pesa au ya nyumbani kwenu, aliitunza au aliirusha usoni mwako siku mlipogombana? Amewahi kukuinulia mkono? Kama hili la mwisho jibu ni ndiyo, usimwambie lolote. Na hao mbuzi wenyewe wasubiri, kwa sababu tatizo lako halitakuwa tena yule mwanamke wa chuoni.

Namna ya kusema. Nitakusimulia mteja mmoja, nimebadilisha mambo madogo asijulikane. Ni mwanamume wa miaka arubaini na kitu, baba wa watoto wawili. Alijiandaa mwezi mzima. Alisoma, akaandika kurasa, akakariri tofauti ya hiki na kile. Akamwambia mkewe jikoni jioni moja, mke akichambua mchele kwenye ungo, kwa sababu, aliniambia, alitaka mikono ya mkewe iwe na kazi. Alieleza kama nusu saa. Mke hakuinua kichwa. Aliendelea kutoa mawe, moja, jingine, akiyaweka pembeni juu ya meza. Mume aliponyamaza mke akauliza: "Kwa hiyo mimi ni nani hapa?"

Katika zile kurasa zote hakuwa ameandika jibu la swali hilo. Na ndilo swali pekee lililokuwa jikoni.

Anayesikia habari hii hawazi juu yako kwanza, anajiwazia yeye: mimi ni chaguo au ni pazia? Anza hapo. Kitu kama: "Kuna jambo langu nataka ulisikie kwangu mwenyewe. Kabla yako niliwahi kumpenda mwanamke, tukakaa miaka miwili, ikaisha. Ninaweza kumpenda mwanamume au mwanamke, na nimekuchagua wewe. Sijaweka nafasi ya mtu mwingine. Sikuombi uamue kitu leo." Kisha nyamaza, umwachie nafasi. Usilie ukiomba msamaha. Ukiomba msamaha utamfundisha kwamba kuna kosa, naye atatafuta adhabu ya kulingana nalo. Usimwambie kwenye gari akiwa anaendesha, wala mkitoka kwenye harusi ya watu mmekunywa. Jumamosi asubuhi, nyumbani, siku ambayo hakuna anayewahi popote.

Anaweza kunyamaza siku tatu. Ni kawaida. Anaweza kuuliza maswali ya kitoto, kama nani alikuwa mwanamume kati yenu. Jibu kwa upole: hakuna, ndiyo maana yake. Na kuna jibu moja nataka likukute umejiandaa, maana linawashangaza wengi: anaweza kufurahi kupita kiasi, akacheka, akasema basi siku moja tumwalike mwenzetu wa tatu. Wanaume wengi wamejifunza ubai wa wanawake kutoka kwenye video za simu, wanadhani ni burudani iliyoandaliwa kwa ajili yao. Kata hapo hapo: "Nimekueleza niliyempenda, sijakuletea ofa." Mwanamume mwenye akili ataona haya. (Mwanamume bai akimwambia mchumba wake wa kike hapati hata hicho kicheko. Anaambiwa moja kwa moja kwamba ni shoga anayejificha. Shaka ni moja, inavaa nguo tofauti.)

Sasa kuishi wazi. Nyumba ya zamani ya Kiswahili ina baraza nje, ambako yeyote apitaye hukaa. Ina ukumbi, ambako huingia waliokaribishwa. Na ina vyumba vya ndani. Hakuna aliyemwita mwenye nyumba mnafiki kwa sababu muuza samaki aliishia barazani. Watu wakisikia "kuishi wazi" huona picha ya mtu kutangaza kwenye mtandao. Huhitaji. Wewe hasa una shida ya kipekee: ukiwa na mume, kila mtu atakusoma vibaya bila wewe kusema uongo hata mmoja. Pete itakusemea. Ndiyo maana hata Marekani, ambako hakuna sheria ya kuwafunga, taasisi ya Pew ilipouliza mwaka 2013 kama watu wote au wengi walio muhimu maishani mwao wanajua, wanaume mashoga asilimia 77 walisema ndiyo, wanawake wasagaji asilimia 71, na bai asilimia 28 tu. Bai asiyesema haonekani. Kwa hiyo utakuwa unaamua upya kila mara, mtu kwa mtu, mpaka uzeeni. Inachosha, sikufichi. Lakini maana yake pia ni kwamba ufunguo unao wewe.

Sheria ya Kenya uijue ilivyo, usiijue kwa uvumi. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu ngono "kinyume cha maumbile" kwa kifungo cha hadi miaka 14, na cha 165 kinahusu wanaume, hadi miaka 5. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Lakini vinashika vitendo. Hakuna kifungu kinachosema kumpenda mtu, au kusema "mimi ni bai", ni kosa. Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba chama cha kutetea watu hawa hakiwezi kunyimwa usajili. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inauweka mwelekeo wa kimapenzi kwenye fungu la taarifa nyeti, pamoja na afya na dini. Kazini ndiko kwenye pengo: Sheria ya Ajira ya 2007 inataja ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ulemavu, hata hali ya virusi, lakini hili haikulitaja. Kama mhasibu mwenye bosi usiyemwamini, sioni faida ya kulipeleka ofisini. Mwache barazani.

Wanaosoma haya wakiwa nje ya Kenya wasichukue ushauri wangu jinsi ulivyo. Tanzania, kifungu cha 154 kinafika kifungo cha maisha, na hakishuki chini ya miaka 30. Uganda, sheria ya 2023 imekwenda mbali zaidi, mpaka "kuhamasisha" kumewekewa hadi miaka 20, kwa hiyo huko hata unaongea na nani na kwa maandishi gani ni suala la usalama. Huko ningesema: mdomo kwa mdomo, na mtu mmoja au wawili, basi.

Hata hapa, hatari ya kila siku mara nyingi si polisi. Ni picha na meseji. Wanaotishwa watoe pesa wananijia kila mwezi, na karibu wote walitishwa na mtu waliyemjua. Picha zako za chuoni, kama zipo, jua ziko wapi. Usimwambie mchumba kwa WhatsApp hata ukiona ni rahisi. Sauti haina "screenshot". Na ukitafuta mshauri wa kukaa nanyi wawili, muulize kwenye simu kabla ya kulipa: ungemwambia nini mteja bai? Akianza na neno "kurekebisha", kata simu.

Kanisani sitakusindikiza, si fani yangu. Nimeona wachungaji waliotunza siri kwa miaka na nimeona waliotangaza madhabahuni Jumapili iliyofuata. Mjue wako kabla hujaenda.

Rafiki yako wa zamani usimchukie. Mwanamke anayependa wanawake tu hana mlango wa mbuzi wa ntheo; akikuona unaingia, anaona umemwacha nje peke yake. Uchungu wake ni wa kweli, ni hitimisho lake ndilo baya. Mwambie hivi: sijahama, nimeolewa. Kama anaweza, mwalike Desemba.

Binamu ndiye wa kwanza, kabla hata ya mchumba, maana ndiye aliyeshika habari yako. Siku ya ntheo jikoni kutakuwa na wanawake 15, sufuria kubwa, na kila mtu anatafuta hadithi. Mtu anayeamini umepona anaweza kuitoa kama ushuhuda, kwa furaha kabisa, akiwa na sahani ya muthokoi mkononi. Mpigie wiki hii. Usibishane naye kuhusu kupona, hutashinda. Mwambie tu kwamba mume wako utamwambia mwenyewe, na kwamba mpaka hapo habari ile ni yako.